Kutoka Iringa hadi Tukuyu: Wiki ya Kusoma Madaftari ya Hisabati

Jumatatu, Iringa mjini

Safari ya utafiti wa shule huanzia kwenye korido za ofisi. Barua ya chuo hupelekwa mkoani, ya mkoa huzaa ya halmashauri, ya halmashauri huzaa ya kata, na kila moja husubiri muhuri wake na mwenye muhuri yuko kikaoni. Nimezoea, wala silalamiki sana, kwa kuwa mtu anayetaka kuingia darasani na kufungua madaftari ya watoto wa wenzake anastahili kuulizwa anatafuta nini. Alasiri tulikuwa na karatasi zote mkononi.

Tulikuwa wawili: mimi na mkufunzi mwenzangu wa Hisabati, aliyefundisha madarasa ya awali miaka mingi kabla ya kuhamia chuo cha ualimu. Walimu wote wa rika langu humwita Mama Mkufunzi, nami humwita hivyo hivyo. Swali lililotutoa chuoni lilikuwa fupi: mwalimu wa darasa la nne anajuaje, saa nne ya asubuhi yoyote, ni jambo gani hasa ambalo mtoto aliye mbele yake hajalielewa? Hatukubeba mtihani wowote. Tulikwenda kusoma madaftari yaliyokwisha kusahihishwa na kukaa nyuma ya darasa kimya, kwa sababu nchi hii haina upungufu wa kupima. Kuna upimaji wa darasa la nne, kuna mtihani wa darasa la saba, kuna mitihani ya utimilifu na ya ujirani mwema ambayo shule jirani hufanya kwa pamoja, na nje ya mfumo wa serikali kuna upimaji wa Uwezo, ambao kwa miaka kadhaa kuanzia 2010 uliwafuata watoto wa miaka 7 hadi 16 nyumbani kwao na kuwapa kazi za kiwango cha darasa la pili. Njia hiyo ilianzia India, ambako shirika la Pratham liliitumia kwanza mwaka 2005. Kwa hiyo kwamba watoto wengi humaliza madarasa ya chini bila kusoma na kuhesabu inavyotakiwa, hilo limeshasemwa na kurudiwa. Kilichobaki ni namna ya kulifikisha kwa mwalimu katika umbo analoweza kulitumia kesho yake.

Usiku, tukila wali na maharage katika nyumba ya wageni, Mama Mkufunzi alikumbusha kwamba mjadala huu una umri mkubwa kuliko sisi wote tuliosomea ualimu baada ya vyama vingi. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alilaumu jinsi mtihani ulivyotukuzwa, na Azimio la Musoma la 1974 likaagiza mtihani wa mwisho upunguziwe uzito ili kazi za kila siku za mwanafunzi nazo zihesabiwe. Kilichotokea baadaye kila mwalimu anakijua. Kazi za kila siku ziligeuka kuwa mitihani midogo midogo, zikajazwa katika fomu, na fomu zikapelekwa mbele. Alama za maendeleo zilipanda kwenda juu. Maelezo ya kosa hayakushuka kurudi chini.

Jumanne, Mafinga

Kutoka Iringa hadi Mafinga ni kama kilometa 80, na basi la alfajiri lilitufikisha kabla ya paredi. Julai katika Mufindi ni mwezi wa baridi ya kukata masikio. Watoto walikuwa wamevaa sweta mbili mbili, wengine wamejifunga vitenge vya mama zao mabegani, na misonobari ya Sao Hill ilikuwa bado imefunikwa na ukungu. Mwalimu wa zamu alitusalimu, «Kamwene,» nasi tukaitikia, watoto wakacheka lafudhi yangu.

Darasa la nne lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini, watatu hadi wanne katika dawati. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mapokezi ya watoto yamekwenda mbio kuliko ujenzi wa vyumba. Mwalimu alikuwa kijana, mwaka wake wa tatu kazini, mwenye andalio la somo lililoandikwa vizuri na sauti isiyochoka. Somo lilikuwa kutoa kwa njia ya wima. Alifanya mifano miwili ubaoni, akauliza, «Tumeelewana?» Darasa zima likajibu, «Ndiyooo!» Kisha akatoa maswali kumi, akapita kati ya madawati na kalamu nyekundu akiweka vema na makosa kwa kasi ambayo ni ustadi wa peke yake. Mtu asiyewahi kusahihisha madaftari sabini ndani ya dakika arobaini asimcheke.

Baada ya kipindi tuliomba rundo la madaftari, tukakaa chini ya dirisha la ofisi ambako jua lilikuwa limefika. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza kuwa tamu. Daftari la kwanza tulilolifungua lilikuwa la msichana mwenye mwandiko uliosimama wima kama wa karani. Swali: 52 kutoa 37. Jibu lake: 25. Swali lililofuata: 81 kutoa 46. Jibu: 45. La tatu: 400 kutoa 163. Jibu: 363. Yote yamepigwa kosa, na chini yake alama: 4/10. Manne aliyoyapata yalikuwa yale ambayo tarakimu ya juu ni kubwa kuliko ya chini katika kila nafasi, kama 68 kutoa 25.

Ukiyatazama majibu hayo kwa haraka utasema mtoto hajui kutoa. Ukiyatazama kwa utulivu utaona kwamba anatoa vizuri kabisa kwa kanuni yake mwenyewe, na haikosei hata mara moja: katika kila nafasi chukua tarakimu ndogo uitoe katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Katika 52 na 37 anasema saba toa mbili, tano. Tano toa tatu, mbili. Katika 400 na 163 anapata tatu, sita na tatu. Mtoto huyu hahitaji kurudiwa somo zima la kutoa. Anahitaji mtu akae naye dakika tano na vifungu vya vijiti, amwoneshe kwamba 52 ni makumi matano na mamoja mawili, na kwamba fungu moja la kumi linaweza kufunguliwa likawa mamoja.

Mama Mkufunzi alimwita akamwomba amweleze alivyofanya swali la kwanza. Akaeleza bila woga, kidole kikitembea juu ya tarakimu: «Saba kubwa, mbili ndogo, kwa hiyo tano.» Mwalimu wake alikuwa amesimama nyuma yetu. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua rundo lote na kuanza kulichambua mwenyewe, akitenga yenye 25 upande mmoja. Rundo la 25 likawa refu kuliko tulivyotazamia, sote watatu. Palikuwa na rundo la pili la walioandika 89, yaani waliojumlisha, na hao tatizo lao lilikuwa kusoma alama. Na palikuwa na rundo la tatu, dogo, la majibu yasiyofuata kanuni yoyote tuliyoweza kuiona. Hao ndio waliohitaji kurudishwa nyuma kabisa.

«Lakini Mama,» mwalimu alisema, «nikianza kutenga marundo kila siku, mada za azimio la kazi zitaisha lini?»

Ni swali la haki. Mthibiti ubora akija huuliza umefika mada ya ngapi. Sijasikia akiuliza watoto wangapi bado wanaandika 25. Mama Mkufunzi alimwambia asitenge kila siku. Swali moja kwa wiki linatosha, alimradi limechaguliwa kwa makusudi, na jibu lake lisahihishwe kwa kuandika kanuni aliyoitumia mtoto badala ya vema au kosa.

Jumatano, Makambako hadi Njombe

Makambako tulipita tu. Ni njia panda ya barabara kuu na reli ya TAZARA, na kila anayekwenda Songea au Mbeya hula hapo chips mayai akiwa amesimama. Tulipata gari la Njombe mapema.

Njombe, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, tuliingia katika darasa la tatu wakati wa kusoma. Mkoa wa jirani, Iringa, ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Bara iliyofikiwa na mradi wa Tusome Pamoja kuanzia mwaka 2016, na hata shule ambazo hazikuwamo zimepokea vitabu na mbinu za mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioingia madarasa ya kwanza na ya pili mwaka 2015. Kazi hiyo inaonekana: mvulana mmoja alisoma aya nzima bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka panapostahili. Mwalimu alipomuuliza mhusika alikwenda wapi, akaisoma sentensi ile ile upya. Maandishi ya Kiswahili humruhusu mtoto kutamka kila kilichoandikwa akishajua silabi, kwa hiyo kipimo cha maneno kwa dakika peke yake kinaweza kumpitisha mtoto ambaye maana haijamfikia. Nyumbani kwa wengi hapa lugha ya kwanza ni Kibena, na maneno kadhaa ya hadithi ile hayasikiki sokoni wala shambani.

Nisieleweke kwamba Kiswahili ndicho kikwazo. Ushahidi unaelekea upande mwingine. Katika upimaji wa SACMEQ wa mwaka 2007, uliohusisha darasa la sita katika mifumo 15 ya elimu ya kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania Bara ilikuwa juu kabisa katika kusoma, na watoto wetu walipimwa kwa Kiswahili, lugha wanayofundishiwa, wakati wengi wa wenzao walipimwa kwa Kiingereza. Kisha watoto hao hao huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo isipokuwa Kiswahili limehamia Kiingereza. Aliyeongoza Tume ya Rais ya Elimu iliyopendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ifundishwe kwa Kiswahili alikuwa Jackson Makweta, mwana wa Njombe hii hii aliyekuja kuwa mbunge wa Njombe Kaskazini. Pendekezo halikutekelezwa. Mwalimu mkuu wa shule tuliyoitembelea, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, analijua jambo hilo vizuri na alilitaja kwa uchungu wa mtu ambaye mali ya nyumbani kwao imepotea mjini.

Jioni tulikwenda sokoni. Msichana aliyevaa bado sweta ya shule alikuwa akimsaidia mama yake kuuza maparachichi. Nilinunua ya shilingi 1,700, nikampa noti ya 5,000. Hakuandika popote. Aliweka sarafu kiganjani mwangu akisema, «Mia tatu, elfu mbili,» kisha noti juu yake, «tatu, tano.» Alikuwa amepanda kutoka 1,700 hadi 5,000 kwa hatua tatu, na 3,300 ilikuwa tayari mkononi mwangu. Nilimuuliza yuko darasa la ngapi. La nne.

Watafiti wa Brazil, Terezinha Nunes na wenzake, waliliandika jambo hili mwaka 1985 kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, waliokuwa wakikokotoa sokoni karibu bila kosa hesabu ambazo zikiletwa kwenye karatasi ziliwashinda wengi wao. Kulisoma chuoni ni jambo moja. Mama Mkufunzi alisimama pale na maparachichi mkononi hadi mama mwenye meza akadhani amerudishiwa pungufu.

Alhamisi, Mbeya mjini

Asubuhi ilikuwa ya kurudi Makambako na kuteremka Igawa, Chimala, Igurusi hadi Uyole, na mahindi yaliyovunwa yameanikwa pembeni mwa barabara njia nzima. Ndani ya basi tulijadili KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza lililofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za msingi za Tanzania Bara. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku, baadhi walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu stadi za kusoma na kuhesabu, na baadhi zilipata vyote viwili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionesha kwamba ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto, ila ilipoungana na bonasi zikapanda kuliko palipotolewa kimojawapo. Mama Mkufunzi hapendi bonasi. Anaamini zitawafanya walimu wawasogeze walio karibu na mstari na kuwaacha wa nyuma. Mimi nilivutiwa na jambo lingine katika jaribio hilo: bonasi ilifungwa kwenye stadi moja moja kwa kila mtoto, hivyo mwalimu alilazimika kujua nani hawezi nini. Hatukukubaliana hadi Uyole.

Katika shule ya mjini tuliyopangiwa, ofisi ya taaluma ilikuwa imepambwa kwa karatasi za matokeo ya ujirani mwema: shule kwa shule, wastani, daraja, nafasi. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora mwanzoni mwa mwaka 2023, lakini huku chini kupanga nafasi kungali kunanoga. Nikamwuliza mwalimu wa taaluma, kati ya maswali ya Hisabati ya mtihani ule, lipi liliwashinda wengi? Akafungua kompyuta, akatafuta kwa moyo mweupe, kisha akasema, «Kaka, hapa tuna jumla tu.»

Tangu mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba umekuwa na karatasi za kusahihishwa kwa mashine, mtoto akisiliba herufi moja kati ya tano, na hata Hisabati haikuachwa. Baadaye yalirudishwa maswali machache ya kuonesha njia, na hayo ni mema, ila mitihani ya majaribio inayotungwa katika kata na wilaya huiga sehemu ile rahisi kusahihisha. Katika maswali 40 ya kuchagua, mtoto anayebahatisha yote hutarajiwa kupata kama manane. Mwalimu akiona 8 hawezi kujua kama ni kubahatisha au ni kujua mada mbili vizuri.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka herufi zifutwe zote. Madarasa ni makubwa na usahihishaji ni gharama. Mtunzi akijua watoto hukosea vipi, herufi zinaweza kusema. Kwa 52 kutoa 37, weka 15, weka 25 ya yule wa Mafinga, weka 89 ya aliyejumlisha, weka 35 na 29 za kubahatisha, kisha hesabu waliochagua kila moja. Baraza lenyewe huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, pamoja na vielelezo vya majibu sahihi na mabovu, kwa Kiswahili. Nilipouliza nani ameisoma ya Hisabati, mwalimu mmoja kati ya waliokuwa ofisini aliinua mkono, na alikuwa ameikuta kwenye simu kwa bahati.

Ijumaa, Tukuyu

Barabara ya Tukuyu hupanda kupitia Isongole, Mlima Rungwe ukiwa kushoto na migomba ikizidi kunenepa kadiri unavyoshuka upande wa pili. Tulifika mvua ikinyesha, jambo ambalo hapa halihitaji msimu. Walimu wa Hisabati wa shule jirani walikuwa wamekusanyika katika kituo cha walimu, chini ya utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambao unawataka walimu wakutane na kujifunza wao kwa wao. Chai ya Rungwe ilikuwa kwenye birika kubwa, pamoja na ndizi za kuchemsha.

Mada yetu ilikuwa ya nusu saa, ikachukua alasiri nzima. Nilianza na Shelisheli. Nchi hiyo yote ina watu wapatao laki moja, wachache kuliko wilaya nyingi za Nyanda za Juu Kusini, na iliposhiriki SACMEQ mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipima watoto wote wa darasa la sita badala ya kuchukua sampuli. Takwimu zikaonesha tofauti kubwa ya matokeo ndani ya shule moja, kuliko baina ya shule na shule, na sababu ikajulikana kuwa ni kuwagawa watoto katika mikondo ya wenye uwezo na wasio na uwezo. Waliokusanya takwimu, walioamua sera na walimu wakuu wangeweza kuketi katika ukumbi mmoja, na wizara ikaanza kuiondoa mikondo hiyo.

«Mwalimu, sisi si Shelisheli,» alisema mzee mmoja, mwalimu mkuu, na watu wakacheka. «Takwimu zetu zikipanda gari hapa, zinashukia Dodoma.»

Nikamjibu kwamba kata yake ni ndogo kuliko Shelisheli, na walimu wa Hisabati wa kata hiyo wote walikuwa wanakunywa chai chumba kimoja. Hakucheka, lakini aliacha kubisha.

Kisha Mama Mkufunzi akabandika ukutani picha za kurasa tulizopiga njiani, majina yamefunikwa, akawataka wataje kanuni ya kila mtoto kabla ya kutaja kosa. Walipofika kwa aliyeandika «elfu tatu na hamsini» kama 300050, zogo lilizuka. Wengine walisema ni uzembe. Mwalimu mmoja wa kike aliyekaa nyuma akasema mtoto huyo ameandika alichosikia kwa mpangilio wake: 3000, kisha 50, anajua kila namba peke yake na hajajua kwamba sufuri za elfu zinashikilia nafasi za watakaokuja. Hakuna aliyekuwa na maelezo bora kuliko hayo. Mwingine, tulipowasimulia msichana wa maparachichi, alikwenda ubaoni akachora mstari wa namba: 37, kuruka tatu hadi 40, kuruka kumi na mbili hadi 52, jibu 15. Akasema ataanzia hapo Jumatatu kwa watoto wake wanaouza ndizi stendi, kisha ndipo arudi kwenye njia ya wima. Palitokea ubishi kama hiyo itawachanganya katika upimaji wa Oktoba. Ubishi haukuisha, na sikuona haja ya kuumaliza.

Yaliyokubaliwa yaliandikwa katika kitabu cha kituo. Mtihani ujao wa ujirani mwema utakuwa na maswali matatu ya Hisabati yasiyo na herufi za kuchagua. Kila shule italeta kikaoni majibu mabovu ya maswali hayo, bila majina, kabla ya wastani kutangazwa. Watunzi watachukua makosa hayo na kuyafanya herufi za mtihani utakaofuata. Karatasi za ziada zitatoka katika fedha za ruzuku za shule, jambo lililochukua muda mrefu kuliko ualimu wote uliozungumzwa, kwa sababu fedha hizo ni kidogo na chaki nazo zinazihitaji.

Mratibu wa kituo aliuliza wamjibu nini afisa wa juu atakayetaka asilimia za ufaulu kwanza.

«Mpeni asilimia zake,» alisema Mama Mkufunzi akikusanya gundi na mkasi wake. «Na nyuma ya karatasi hiyo hiyo mwandikieni hii 25 imetoka wapi.»